Dar hadi Dodoma: Saa Moja ya Nani?

Ukiuliza mtandaoni umbali kati ya Kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, na kile cha Dodoma, utajibiwa takriban kilomita 390. Programu huchukua umbali huo, ikaugawa kwa mwendo wa ndege, na kumpa mtu dakika zisizofika 40. Hesabu ni safi, ila hakuna abiria aliyewahi kusafiri hivyo.

Hizo kilomita 390 ni za mstari ulionyooka, unaopita kaskazini kidogo ya mji wa Morogoro. Kwa barabara ni kama 450. Q400 ya Air Tanzania, yenye viti 76, ikishatulia angani inaweza kukimbia zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Tatizo ni kwamba katika safari fupi haipati muda wa kutulia: inatembea chini hadi njia ya kurukia, inapanda, haijakaa sawa inaanza kushuka, na huenda ikazunguka kwanza ili itue kwa kuukabili upepo. Ndiyo maana tiketi huandika saa moja hivi, na hapo shirika linasema kweli.

Sasa mchukulie mkazi wa Mikocheni mwenye ndege ya saa 12 jioni. Saa 9 alasiri yuko ndani ya teksi. Foleni ya Tazara ikimhurumia, saa 10 na nusu anavua mkanda na viatu kwenye mashine ya ukaguzi, kisha anakaa kusubiri. Anatua Dodoma saa 1 usiku, anasubiri begi. Tangu afunge mlango wa nyumba yake zimepita saa 4 na ushee.

Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 25, 2024, hutumia kati ya saa 3 na nusu na saa 4 kutoka stesheni hadi stesheni, na ile ya Dar iko katikati ya jiji. Nayo ina ukaguzi wake, na ina vituko vyake: Shirika la Reli Tanzania (TRC) liliwahi kuwataja ngedere na bundi kuwa chanzo cha hitilafu ya umeme. Hata hivyo, kwa anayeanzia Kariakoo au Ilala, ndege imebaki na ushindi mwembamba sana, tena kwa nauli kubwa zaidi.

Kwa Mwanza hakuna ubishi. Ni kilomita 850 hivi kwa ndege na zaidi ya 1,100 kwa barabara. Anayeruka anaokoa siku nzima.

Dodoma ilikuwa na karata moja nzuri: kiwanja chake kiko mjini kabisa, bajaji inakufikisha katikati ya jiji kwa dakika chache. Kiwanja kipya cha Msalato kiko zaidi ya kilomita 10 kutoka hapo. Njia ndefu ya kurukia itapokea ndege kubwa, jambo jema, lakini hizo kilomita za ziada atazilipia abiria kwa muda na kwa fedha. Basi Serikali isiishie kwenye jengo na lami. Mabasi ya uhakika kati ya Msalato na mjini yaanze siku ileile ndege ya kwanza ya abiria itakapotua, na mashirika yaandike kwenye tiketi, kwa herufi kubwa kama za nauli, saa ambayo abiria anatakiwa awe amefika kiwanjani.