Vitamini D Mwambaoni Nyasa: Nani Apimwe?

Sehemu kubwa ya vitamini D mwilini hutoka kwenye ngozi, si kwenye sahani. Miale ya urujuanimno ya jua huianzisha, ini huibadili, figo huikamilisha, kisha kazi yake kuu ni kuuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu. Mtu mzima anayeikosa kwa muda mrefu mifupa yake hulainika. Nyonga humuuma, misuli ya mapaja hulegea, na kuinuka kwenye kigoda huwa shughuli. Dalili hizo hufanana na uchovu wa jembe au wa uzee, ndiyo maana hupuuzwa. Na kwa sababu hiyohiyo ni rahisi kumuuzia vidonge mtu asiyevihitaji.

Tuchukue mfano wa Chiwanda, kata ya Wilaya ya Nyasa kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kata hiyo iko takriban nyuzi 11 kusini mwa Ikweta. Hata mwezi Juni, jua likiwa limehamia kaskazini, kivuli cha mtu adhuhuri hubaki kifupi kuliko kimo chake. Hiyo ni ishara kwamba miale inayohitajika inafika, mwaka mzima. Anayeanika usipa, samaki wadogo wa ziwani, mchangani au kupalilia muhogo huipata bila kuitafuta. Kwenye milima ya Umatengo, kule Mbinga, kuna ukungu na makoti ya Juni na Julai, lakini kahawa huchumwa miezi hiyohiyo, na haichumwi sebuleni. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Kwa mkulima na mvuvi, muda huo upo.

Hofu ya upungufu, basi, inatoka wapi? Kwa sehemu, inatoka kwenye mstari uliochorwa kwenye karatasi ya maabara. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi 23 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2020 na kuongozwa na watafiti wa Kilifi, Kenya, ulikuta karibu asilimia 34 ya waliopimwa wako chini ya nanomoli 50 za vitamini D kwa lita ya damu. Mstari ukipandishwa hadi 75, idadi inafika karibu asilimia 60. Watu ni walewale na damu ni ileile. Chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, ambacho mwaka 2011 kilikuwa kimeutetea mstari wa 75, kiliuacha mwaka 2024 na kushauri watu wazima wenye afya wasipimwe kwa mazoea. Nchini Tanzania kwenyewe, utafiti wa mwaka 2012 uliwakuta Wamasai na Wahadzabe wakiwa na wastani wa 115, bila kidonge hata kimoja.

Vidonge navyo vimejaribiwa. Dar es Salaam, watu wazima 4,000 wanaoishi na VVU, wote wakiwa na kiwango kilichohesabiwa kuwa cha chini, walifuatiliwa tangu walipoanza dawa za kufubaza virusi. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa vitamini D haikupunguza vifo wala kifua kikuu cha mapafu. Marekani, katika jaribio la watu zaidi ya 25,000, haikupunguza saratani wala maradhi ya moyo, na mwaka 2022 ikaonekana haikupunguza hata mivunjiko ya mifupa. Ni vigumu kudai kwamba zahanati ya kijiji, ambayo huenda haina hata kipimo cha vitamini D, itumie fedha zake huko.

Lakini jua kuwapo angani si sawa na jua kufika mwilini. Nchi za Ghuba zina jua kali na upungufu mwingi, kwa kuwa maisha huendeshwa ndani ya majengo na chini ya mavazi ya kufunika. Mwambaoni Nyasa pia wapo ambao jua hilo haliwatoshi: mzee asiyetoka kitandani, mgonjwa wa figo, anayetumia fenitoini au kabamazepini kwa ajili ya kifafa, au rifampisini kwa kifua kikuu, dawa ambazo huharakisha kuvunjwa kwa vitamini hiyo. Hao ndio wa kuangaliwa. Mwenye ualbino asiingizwe kwenye hesabu hii kwa haraka: ngozi yake hutengeneza vitamini D kwa jua kidogo sana, na saratani ya ngozi ndiyo hatari yake. Kofia na losheni zibaki palepale.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kalsiamu. Utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wenye matege, wakiishi kwenye jua tele, walipona vizuri zaidi kwa kalsiamu kuliko kwa vitamini D peke yake. Hao walikuwa watoto, ila kanuni ya mifupa haibadiliki sana: vitamini D ikiwa nyingi na kalsiamu haba, mfupa hauna cha kujengwa nacho. Ugali wa muhogo una kalsiamu kidogo. Usipa huliwa mzima, na mifupa yake, kwa hiyo hufidia pengo hilo, na kama samaki wengine wenye mafuta huongeza vitamini D kiasi. Msimu wa usipa ukiwa mbaya, au mzigo wote ukipandishwa lori kwenda Songea, kaya ya mwambaoni hupoteza zaidi ya ambavyo chupa ya vidonge ingerudisha.

Lipo pendekezo linaloweza kutolewa, la kuongeza vitamini D kwenye mafuta ya kupikia, ambayo Tanzania tayari huyaongezea vitamini A viwandani. Lina mantiki kwa mji wenye watu wa ofisini na waliozeekea ndani. Kwa Chiwanda lingesaidia kidogo, hasa kwa anayenunua mafuta yaliyokamuliwa kwenye mashine ndogo, ambayo hayapiti kiwandani.