Miguu ikivimba, usitupe dawa ya presha

Ikiwa unameza amlodipini, hebu tazama vifundo vya miguu yako jioni hii. Soksi imeacha alama? Kiatu kilichoingia vizuri asubuhi sasa kinabana? Wengi wakiona hivyo hushtuka, wakadhani figo zimeharibika, na tembe zikaishia kabatini. Presha nayo hupanda tena kimyakimya, kwani haina desturi ya kubisha hodi.

Lawama yangu haimwendei mgonjwa. Inawaendea wanaoandika dawa hii na wanaoiuza. Mtu hupanga foleni tangu alfajiri, kisha hutoka na karatasi isiyosomeka na agizo la "moja kila siku". Kumweleza kwamba huenda miguu ikavimba kungechukua dakika moja tu.

Dawa hii huzuia kalisiamu kuingia kwa wingi katika misuli ya kuta za mishipa ya damu. Kalisiamu ndiyo huifanya misuli hiyo ijikaze. Ikipungua, mishipa hulegea na kutanuka, shinikizo hushuka, na moyo hupunguziwa kazi. Ndiyo sababu hupewa mwenye presha na vilevile mwenye anjina, yale maumivu ya kifua yanayomkamata mtu akipanda ngazi kwa kuwa moyo haupati damu ya kutosha. (Wapo wanaouliza kama ni lazima kuacha maziwa. La hasha! Kunywa chai yako.)

Kutanuka huko ndiko huvujisha maji kidogo miguuni, hasa kwa anayemeza miligramu 10 badala ya 5. Tembe za kukojoza hazisaidii sana uvimbe wa aina hii. Daktari anaweza kupunguza kipimo, au kuongeza dawa kama perindoprili ambayo huupunguza. Lakini ukivimba na huku unakosa pumzi ukilala, au ukivimba mguu mmoja tu na unauma, hilo ni jambo jingine kabisa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mbona nisisitize usiiache? Utafiti uitwao CREOLE, uliochapishwa mwaka wa 2019 na kufanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa amlodipini ikiunganishwa na dawa nyingine iliteremsha presha ya Waafrika weusi vizuri zaidi kuliko mseto usiokuwa nayo.

Nduguye wa zamani, nifedipini, ana hadithi yake. Kuna wakati kidonge chake cha majimaji kilitobolewa na kutiwa chini ya ulimi ili presha ishuke upesi. Ilishuka mno, na baadhi ya wagonjwa wakapatwa na kiharusi au mshtuko wa moyo. Hata leo, tembe zake zilizotengenezwa ziyeyuke polepole hazifai kupondwa wala kutafunwa.

Tena amlodipini si ya kutuliza kifua kilichokwisha kubana. Huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Maumivu yasiyokwisha ukipumzika ni ya kukimbizwa hospitali.

Kuhusu miguu, mwambie daktari waziwazi: "Imevimba tangu nianze dawa hii." Asipoinua macho kutoka kwenye karatasi zake, rudia.