Je, Mateso Yenyewe ni Baraka?

Wako watu ambao, wakienda kumhani mfiwa, humwambia kwamba msiba wake ni baraka. Husema hivi kwa nia njema. Walakini mimi naona neno hilo halifai, tena laweza kumwumiza mtu aliyekwisha umia.

Fikirini habari za Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 pamoja na Rosine mkewe. Miezi haikupita mingi, homa ikawashika wote wawili. Mwezi wa Julai Rosine akajifungua mtoto wa kike, lakini homa ikamzidi, akafariki. Na siku chache baadaye yule mtoto mchanga akamfuata mamaye. Walizikwa barani, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Krapf hakuondoka. Aliendelea kujifunza Kiswahili na kufasiri kitabu cha Mwanzo, kazi aliyoianza mwezi mmoja tu kabla ya msiba. Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, nao wakakaa Rabai. Kamusi ya Kiswahili aliyoitunga Krapf ilipigwa chapa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Je, tuseme Mungu alimchukua Rosine ili watu wapate kamusi? Hasha! Mungu si mwenye duka, hata atuuzie baraka kwa bei ya maiti. Homa ilikuwa homa, na kifo kilikuwa kifo. Baraka ilikuwa hii, ya kwamba mtu yule hakuachwa peke yake katika giza lake, akapata nguvu ya kushika kalamu tena.

Wengine hupotoka kwa upande wa pili, wakisema kila ateswaye ametenda dhambi. Wanafunzi wa Yesu walimwuliza neno kama hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, naye akalikataa. Tena alipofika kwenye msiba wa Lazaro, ingawa alijua kwamba atamfufua, hakuwakataza Martha na Mariamu kulia. Alitoka machozi mwenyewe.

Basi mwenzenu akifiwa, mtamwambiaje? Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, wasinene neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Siku zile walifanya vema. Walipofumbua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake, ndipo walipokosea, hata Mungu akawakasirikia.