Mizani ya Mionzi Nayo Ikaguliwe



Sisi wa Port Reitz twajua mizani isiyokaguliwa hupunja. Mashine ya mionzi ya kutibu kansa nayo ni mizani: ikipunguza, ugonjwa hubaki, ikizidisha, huunguza mwili ulio mzima, na mgonjwa haoni kosa.

Tangu 1969 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na WHO, hupelekea hospitali vipimo vidogo kwa posta. Hospitali huvipiga mionzi kisha huvirudisha. Tofauti ikipita asilimia 5, kosa hutafutwa.

Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa SHA. Basi twadai: kila hospitali ya mionzi, iwe Mombasa ama Nairobi, ibandike ukutani tarehe ya ukaguzi na matokeo yake. Chama kiulize. Kuuliza si ugomvi.