Kiwanda cha sukari kilifungwa, uwanja wa wananchi ukabaki

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wengi wakisikia habari za vilabu vya michezo hufikiria ushabiki, makelele ya redioni na fedha za kiingilio zilizoliwa na viongozi. Mimi ni mchumi wa kilimo na wala si mpenzi mkubwa wa mpira. Lakini leo naomba wasomaji wa ukurasa huu twende pamoja hadi Thurles, mji mdogo wa jimbo la Tipperary nchini Ireland.

Mji huo una wakazi wapatao 8,000 tu, lakini uwanja wake wa michezo unachukua watazamaji wapatao 45,000. Yaani kila mkazi, hata mtoto wa mgongoni, ana nafasi tano na nyingine zinabaki.

Thurles ni mji wa wakulima na wafugaji. Mwaka 1934 ulipata kiwanda cha sukari kilichokuwa chini ya kampuni ya Serikali. Mkulima alilima biti, mzizi unaokamuliwa sukari, akauza kiwandani, na vijana wakapata vibarua vya msimu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kikafungwa. Uamuzi haukutoka Thurles. Mwaka 2006 kiwanda cha mwisho cha sukari nchini humo, kilichokuwa Mallow, nacho kikafungwa baada ya Umoja wa Ulaya kubadili utaratibu wake wa sukari, na zao hilo la biashara likaisha.

Uwanja, kwa upande wake, upo mpaka leo. Nataka tujiulize kwa nini.

Mwaka 1910 ardhi ya uwanja huo ilikuwa ikiuzwa. Wapenzi wa michezo wa mji ule waliinunua kwa pauni 900, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Hawakumsubiri mfadhili. Walitoa hisa, wakaziuza kwa wakazi wa mji. Kwa miaka zaidi ya 40 uwanja ulikuwa mali ya wanahisa hao, mpaka mwaka 1956 ulipokabidhiwa kwa chama cha michezo cha taifa kinachojulikana kwa kifupi kama GAA.

Wapo watakaosema wanahisa wale walikuwa wajinga kuachia mali yao. Mimi naona walifanya hesabu nzuri. Hisa mikononi mwa mtu mmoja mmoja hurithiwa, hugawanyika, na mwisho wake mjukuu aliyehamia mbali anauza kipande chake kwa anayetaka kujenga maduka. Mali ikiwa chini ya wadhamini wa chama, hakuna mjukuu wa kuiuza.

Chama chenyewe kilizaliwa hapo hapo Thurles, katika hoteli ya Hayes, tarehe 1 Novemba 1884. Aliyeitisha mkutano alikuwa mwalimu, Michael Cusack, na rais wa kwanza alikuwa Maurice Davin, mwanariadha aliyekuwa pia mkulima. Waliohudhuria walikuwa wachache, wa kukaa meza moja. Lengo lao lilikuwa kuinua michezo ya asili ya Ireland, hasa hurling, unaochezwa kwa fimbo na mpira mdogo, wakati nchi ikiwa bado chini ya Waingereza.

Jambo la kiuchumi ni namna walivyokipanga chama hicho. Klabu hufuata mipaka ya parokia. Kijana anachezea alikozaliwa au anakoishi, hanunuliwi na klabu ya jirani yenye fedha. Wachezaji hawalipwi mshahara, hata wale wanaojaza uwanja wa Croke Park mjini Dublin wenye nafasi zaidi ya 80,000. Jumapili wanashangiliwa na umati huo, Jumatatu mmoja yuko darasani anafundisha na mwingine anakamua ng'ombe.

Kwa kuwa hakuna mishahara ya wachezaji, fedha ya kiingilio inapata pa kwenda. Inarudi kwenye viwanja, makocha wa watoto na klabu za chini. Klabu ya kijijini nayo inajitafutia: ada ya mwanachama, duka la mtaani linalodhamini jezi, na bahati nasibu ya kila wiki ambayo tiketi zake huuzwa dukani na kwenye baa kwa yuro chache. Mweka hazina husoma hesabu mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, na wanaomsikiliza ni majirani zake wanaojua hata bei ya gari lake.

Nisiwapambe. Ipo siri isiyofichika kwamba baadhi ya makocha hulipwa kwa mlango wa nyuma, na mwaka 2012 uongozi wa GAA wenyewe ulitoa waraka kulijadili suala hilo. Wanawake kwa miaka mingi wamekuwa na vyama vyao vya pembeni, na mwaka 2024 ndipo ulipotangazwa mpango wa kuviunganisha na GAA ifikapo 2027.

Aidha, madeni yapo. Mwaka 1984, chama kilipotimiza miaka 100, fainali ya taifa ya hurling ilihamishwa kutoka Dublin ikachezwa Thurles. Uwanja ukakarabatiwa kwa ajili ya ugeni huo, na sherehe ilipokwisha deni likabaki. Ndugu msomaji, hapo ndipo vikundi vingi hufa. Waliofanya sherehe hutawanyika, barua za benki zinabaki kwa katibu. Thurles walifanya nini? Kuanzia mwaka 1990 uwanja ukaanza kutumika kwa tamasha kubwa la muziki, vijana wakamiminika kwa maelfu kutoka nchi nzima, na mapato yakasaidia kupunguza deni. Uwanja uliosimamiwa na wazee wa hurling uliwapokea vijana wenye magitaa na mahema, nao wazee wakavumilia.

Nimesema michezo, lakini tabia hii ya kujichangia haiko viwanjani tu. Wakulima wa Ireland walikuwa na desturi iitwayo meitheal, majirani kukusanyika kuvuna shamba la mmoja wao na kesho la mwingine. Msomaji wetu anaifahamu kwa majina yake. Mwaka 1889 wafugaji wa Dromcollogher, jimbo la Limerick, walianzisha kiwanda cha kwanza cha maziwa cha ushirika nchini humo. Mwaka 1937 padri wa Tipperary, John Hayes, alianzisha vikundi vya parokia vya Muintir na Tíre, maana yake watu wa nchi, vilivyowakalisha meza moja mkulima, kibarua wake na mwenye duka. Mwaka 1958 mwalimu Nora Herlihy na wenzake walifungua Dublin vyama vya kwanza vya kuweka na kukopa, ndugu wa SACCOS zetu, na leo ni vigumu kupata mji mdogo wa Ireland usio na ofisi ya chama cha namna hiyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2001. Ugonjwa wa miguu na midomo ulilipuka Uingereza, na mwezi Machi mlipuko mmoja ukathibitishwa jimbo la Louth, Ireland. Michezo ikasimamishwa na maandamano ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick yakaahirishwa. Klabu zilikosa mapato, lakini katika mji mdogo mwanachama wa klabu na mwenye ng'ombe mara nyingi ni mtu yule yule. Ugonjwa haukusambaa nchini humo. Sisemi klabu ndizo zilizouzuia, kazi hiyo ilikuwa ya madaktari wa mifugo na Serikali. Nasema ni rahisi kuwaomba watu wabaki nyumbani pale wanapoelewa kwamba ng'ombe wanaolindwa ni wao.

Hata hivyo, klabu haiwezi kuziba pengo la kiwanda. Baada ya uchumi wa Ireland kuporomoka mwaka 2008, vijana wengi walihamia Australia, Canada na Uingereza, na klabu za vijijini zikapoteza wachezaji mmoja baada ya mwingine. Leo baadhi ya parokia zinaunganisha timu zao za watoto kwa sababu peke yake hakuna inayotimiza idadi. Wazee wanaumia kuona jezi mbili za mahasimu zinashonwa kuwa moja.

Kwa maoni yangu waunganishe timu bila aibu, maana watoto wakiendelea kuwa wachache hawana njia nyingine. Ardhi ya viwanja viwili isiguswe. Ipo siku kampuni itakuja na bei nzuri, na kamati yenye wajumbe watano waliochoka itashawishika. Hati iendelee kubaki kwa wadhamini, hata kama kwa miaka kumi uwanja wa pili utakuwa wa kulishia kondoo.