Manju, Malenga na Meli ya Liemba

Katika ngoma zetu, malenga hutunga na manju huongoza wimbo. Wahakiki wa Ufaransa, tangu makala ya François Truffaut ya mwaka 1954, wamewagawa waongozaji wa filamu kwa namna iyo hiyo: yupo anayepanga waigizaji na kamera kwa kufuata maandishi ya mwingine, na yupo mtunzi, ambaye jicho lake hutambulika katika kila kazi yake.

Tuipime hoja hiyo kwa Liemba, meli kongwe ya Kigoma. Ilipoitwa Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isije ikatekwa. Waingereza wakaiopoa, ikarudi kazini mwaka 1927. Vita hivyo vya ziwani ndivyo vilivyozaa riwaya ya C. S. Forester, The African Queen (1935). John Huston akaifanya filamu mwaka 1951, akaipigia picha Uganda na Kongo, tena akaugeuza mwisho wake.

Je, kugeuza mwisho kunamfanya mtunzi? Nasema la. Manju naye huongeza mbwembwe zake, wala wimbo hauwi wake. Katika filamu ile, Tanganyika ni uwanja tu wa ushindi wa wageni wawili. Wenyeji ni umati usio na majina.

Utunzi ni kuona. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi na bibi wa Ujiji aliyezoea kungoja meli wana Liemba yao, ambayo Huston hakuiona. Kijana wa Kigoma atakayeshika kamera asiige mlipuko wa Huston. Aanzie kwa hao wawili.