Mti Wetu, Ardhi ya Mwengine: Kwa Nini Jumuiya za Pemba Zimiliki Jina na Seva Zao

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alinijia ofisini akitafuta maandishi ya Kiswahili kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi hapa Pemba tarehe 27 Januari 2001. Aliniuliza: "Dokta, wazee walioyaona mambo yale wako hai mitaani kwetu. Mbona nikitafuta mtandaoni nakutana na ya Wazungu?" Nilimwelekeza kwenye ripoti ya Human Rights Watch ya Aprili 2002, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa kwenye tovuti ya shirika lenye makao yake New York. Ripoti ile ni kazi ya maana. Hata hivyo, niliona aibu kwamba sikuwa na pengine pa kumpeleka.

Aibu ilizidi kwa sababu nafahamu kuwa vijana kadhaa wa Wete waliwahi kuzirikodi simulizi za wazee wao, wakaziweka kwenye ukurasa wa mtandao mmoja wa kijamii. Siku moja ukurasa ukafungwa bila ya maelezo. Waliandika kulalamika, wakajibiwa na mashine. Simu iliyorikodi sauti zile ilikuwa imekwisha kuuzwa. Kazi ya miaka miwili ikapotea.

Sisi wa visiwa hivi tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Kwetu ni kawaida mti kuwa wa mtu na ardhi kuwa ya mtu mwengine. Tunajua pia kilichowafika wakulima, hasa wa Unguja, waliokaa kwenye mashamba ya watu: waliruhusiwa kulima muhogo, lakini si kupanda miti ya kudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, siasa za vyama zilipochacha, baadhi yao walifukuzwa pamoja na jasho lao. Leo jumuiya zetu, vyama vya wanafunzi na hata baadhi ya ofisi za umma zinapanda mikarafuu yao yote kwenye ardhi ya kampuni za mbali, kwa ruhusa ya mdomo tu.

Hoja yangu ni kwamba kila jumuiya inayothamini kumbukumbu zake inapaswa kumiliki vitu viwili: jina lake la mtandaoni, yaani kikoa, na mahali pake pa kuwekea kazi zake, yaani seva. Mitandao ya kijamii ibaki kuwa baraza la kutangazia habari. Ghala liwe letu wenyewe.

Watu wengi huogopa wakidhani hii ni kazi ya wahandisi. Mimi ni mtu wa sayansi za jamii, nimejifunza ukubwani, na nathubutu kusema kwamba mwanafunzi mwenye subira anaweza kuimaliza kwa siku mbili.

Tuanze na jina. Majina yanayoishia na .tz husajiliwa kwa mawakala waliopewa kibali na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Jumuiya isiyo ya kibiashara huchukua .or.tz, biashara .co.tz, mtu binafsi .me.tz. Jina halinunuliwi moja kwa moja, bali hulipiwa kila mwaka, na likisahauliwa mwengine anaweza kulichukua. Hapa pana kosa ambalo nimeliona mara nyingi: jina husajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyetengeneza tovuti. Kijana akipata kazi Muscat, huondoka na ufunguo, na jumuiya hubaki nje ya nyumba yake. Sajilini kwa jina la jumuiya, na neno la siri walijue viongozi wasiopungua wawili.

Pili ni seva. Kuna wanaouliza kwa nini wasitumie kompyuta iliyopo ofisini. Umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 2010, nao umetuokoa na majenereta ya Wesha, lakini bado hukatika. Aidha, anwani ya intaneti ya ofisini aghalabu hubadilika. Kwa hiyo tunakodi. VPS ni sehemu ya kompyuta kubwa iliyogawanywa kwa programu, kila mpangaji akapewa chumba chenye mlango na ufunguo wake. Isichanganywe na VPN, ambayo ni njia ya siri ya kupitishia mawasiliano, na ambayo TCRA mwaka 2023 ilitaka watumiaji wake waitolee taarifa. Seva ndogo yenye kumbukumbu ya GB 1 hukodishwa kwa takriban dola 5 kwa mwezi, sawa na dola 60 kwa mwaka. Jumuiya ya watu 20 itachangishana dola 3 kila mtu.

Ukishalipa, utachagua mfumo endeshi, na kwa anayeanza Ubuntu unatosha. Utapewa anwani ya namba, yaani IP. Rudi kwa wakala wa jina, uingize rekodi ya A inayoliunganisha jina lako na namba ile. Kuanzia hapo jina na seva ni vitu viwili tofauti. Mwenye seva akikughasi, utahamisha mafaili yako kwengine na kubadilisha namba tu, na wasomaji wataendelea kukufuata kwa jina lilelile. Hii ndiyo nguvu ambayo ukurasa wa bure hauwezi kukupa.

Kisha ilinde nyumba. Ingia kwa ufunguo wa SSH badala ya neno la siri, fungua akaunti ya kawaida ya kazi za kila siku, na uzuie akaunti kuu, yaani "root", isiingilike kutoka nje. Washa ngome, uache wazi milango mitatu tu: 22 wa kuingilia wewe, 80 na 443 ya wasomaji. Weka programu ya kutolea kurasa kama Nginx, na uombe cheti cha usalama cha Let's Encrypt, ambacho ni cha bure, ila uhakikishe kinajihuisha chenyewe kabla ya muda wake kwisha. Mwisho, na hili ndilo wengi huliacha, weka nakala ya kila kitu kwenye seva nyengine, na nakala nyengine kwenye diski iliyomo kabatini Chake Chake. Seva isiyo na nakala haina tofauti na ile simu iliyouzwa.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kumiliki jina ni kinga dhidi ya dola. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa, na miongoni mwa mashtaka aliyosomewa ni kusimamia kikoa kisichosajiliwa Tanzania. Mwaka 2018 Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilileta leseni na ada, na Juni mwaka huo JamiiForums ikalazimika kujifunga kwa muda. Septemba 2025 TCRA iliisimamishia leseni kwa siku 90. Basi kabla ya kuchapisha, soma kanuni zilizopo na ujue kama kazi yako inahitaji leseni.

Lakini angalieni tofauti. Polisi walipotaka taarifa za watumiaji wa JamiiForums, walilazimika kumwendea Melo mwenyewe, naye akakataa kuwatoa watu wake. Aliposhitakiwa, kifungu cha sheria kilitajwa, mawakili walisimama na mahakama ilisikiliza. Vijana wa Wete hawakutajiwa kifungu wala hawakuonyeshwa hakimu. Anayefungiwa na mamlaka ya nchi yake ana mlango wa kugonga, hata kama ni mgumu kufunguka.

Wala seva haiwezi kuifungua njia iliyofungwa. Intaneti ilipokatwa nchini kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, hakuna tovuti iliyotufikia hapa, iwe seva yake ipo Dar es Salaam au Frankfurt. Hata hivyo, iliyokuwa imehifadhiwa nje ilisomwa na ndugu zetu walioko nje, na njia iliporudi kazi ilikutwa mahali pake.

Nina neno pia kwa watumishi wa umma, maana wengi mnanisoma. Nimepokea barua rasmi, zenye majina na namba za simu za wananchi, kutoka kwenye anwani binafsi za bure za maofisa. Ofisa akihamishwa au akistaafu, kumbukumbu za ofisi huondoka naye. Serikali ina kikoa cha .go.tz, na Zanzibar tuna Mamlaka ya Serikali Mtandao. Kumwandikia mwananchi kwa anwani ya ofisi ni sehemu ya uwajibikaji, kwa sababu ofisi itakayoulizwa kesho lazima iwe na jalada lake.

Vijana wa Wete wameanza upya, safari hii kwa jina lao na seva yao. Wamekwisha kurudi kwa wazee saba. Wa nane, ambaye simulizi yake ilikuwa ndefu kuliko zote, alifariki kabla hawajarudi. Nawasihi wanafunzi wangu na kila mwenye rikodi za wazee wake simuni: lisajilini jina mwezi huu, na msisubiri ukurasa wenu ufungwe.